Shani na Sahani ya Buluu

Mama Zuhura, mke wangu,

Shani amepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ungekuwapo ungeuliza habari za paka kwanza, ndipo uniulize mimi.

Tangu ututangulie, Tindiga imebadilika. Nyumba za kijiji cha ujamaa zimeezekwa zote, na ghala la kijiji limejaa mahindi mpaka mlango unafungwa kwa kusukumwa. Panya nao wakapata habari. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema kama shamba ni la wote na majembe ni ya wote, basi na paka wawe wa wote, wakae ghalani. Tukanyoosha mikono. Nikamtia Shani kikapuni, nikamfunika asijue njia ya kurudi, kama ulivyokuwa ukifanya ulipogawa watoto wake.

Wakawa wanalishwa pamoja kwenye sinia moja, ugali na dagaa. Mwenyekiti alijivunia lile sinia, kila mgeni alipelekwa kulitazama. Kisha paka mmoja aliyeletwa kutoka Zombo akaanza kupiga chafya, na haukupita muda ghala zima likawa linapiga chafya. Macho yakavimba na kujaa tongotongo, pua zikaziba. Wapo walioanza kunong'ona kwamba ghala limerogwa.

Nilipomwona Shani nilishtuka. Kope zilikuwa zimegandana, anapumua kwa mdomo, chakula hakitaki. Zuhura yuko kwa mumewe Ruhembe. Humu ndani kiumbe hai ulichokilisha kwa mkono wako kilikuwa kimebaki hicho kimoja, na niliogopa kukupoteza mara ya pili. Nikamrudisha nyumbani bila kuomba ruhusa ya mtu.

Bwana mifugo alipokuja kukagua ng'ombe nilimwuliza. Alicheka kwanza, kisha akasema mafua hayo huambukizana kwa makamasi na kwa kula katika chombo kimoja, tuwatenge, kila paka awe na chake. Mwenyekiti aliposikia akatangaza kwamba ujamaa si kushirikiana makamasi. Tulicheka kijiji kizima, naye akacheka. Paka wakarudi kila mmoja kwao.

Mimi nikafanya kama ulivyomfanyia Zuhura alipougua macho utotoni. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na kila jicho na kitambaa chake safi. Nilipotaka kubandua ganda kwa pupa nilikusikia kabisa: "Lainisha kwanza, Baba Zuhura. Jicho si hindi la kupukuchua." Nikawa nayarudia maneno yako kwa sauti, majirani wakadhani naongea na paka.

Kula ndiko kulikotushinda. Paka asiyesikia harufu hali. Nikachoma kambale, nikamponda angali moto, nikatafuta cha kumwekea. Vyombo vyetu vingi nilishavitoa kwa jiko la shamba la pamoja. Lilibaki bakuli langu, na sahani yako ya bati, ile ya buluu, niliyoifunga kwenye khanga yako na kuitia sandukuni baada ya arobaini. Sikuwa nimeweza kuitazama. Unakumbuka nilivyokuwa nikikugombeza, kwamba paka anapewa sahani na mwenye nyumba anakula kwenye bakuli lenye ufa?

Nikaitoa. Nilipokuwa nikikung'uta kijiko ukingoni ili samaki adondoke, sahani ililia kama ilivyokuwa ikilia mkononi mwako. Shani alikuwa haoni, harufu hasikii, lakini masikio yalisimama. Akajikokota hadi pale, akaanza kulamba. Nililia, Mama Zuhura, nililia huku nacheka.

Sasa jicho moja ni safi kabisa, la kushoto limebaki na ukungu kidogo. Panya hawajali ni jicho gani, wanakimbia tu. Jioni paka wote huenda ghalani kazini, asubuhi kila mmoja anarudi kwao kula. Mahindi yetu ni mazima, nami nimenenepa kidogo.

Mungu akulaze pema. Nakuahidi sahani hairudi tena sandukuni. Shani atakula humo, nami nitaendelea na bakuli langu lenye ufa bila kulalamika. Labda kidogo tu, usije ukadhani nimebadilika sana.

Mumeo,
Baba Zuhura