Kipande Ulichokizika Mlali

Kumbukumbu ya mama yetu, Zipora Madeje, wa Mlali na Ipagala

Mbukwa, mama, tunakusalimu Kigogo chetu. Mwaka umetimia leo tangu utuache, na tulitaka kukuandikia maneno mazuri kama wanayoandikiwa wenzako, kwamba tumetulia na tunamshukuru Mungu. Kushukuru tunashukuru. Kutulia hatujatulia. Jenifa wako anaumwa, na kukuficha hatuwezi, maana hata ulipokuwa hai hukuwa mtu wa kufichwa kitu.

Lakini tuanze na wewe, siku ni yako. Ulilima karanga Mlali miaka arobaini, ukatusomesha watatu, na kila asubuhi ukabishana na redio kana kwamba mtangazaji anakusikia. "Acha uongo wewe!" ulimwambia, halafu ukaongeza sauti. Hukukubali jirani yako apike mlenda bila karanga zako. Na ulikuwa mkali, tusidanganyane. Lameck ana miaka arobaini na mitano, ndevu zimeanza mvi, lakini mpaka leo akiingia ndani na viatu anageuka kuangalia kama upo.

Tena ulikuwa na lile jambo lako la vitovu. Vya wanao watatu na vya wajukuu wote ulivizika mwenyewe nyuma ya nyumba, na kila kimoja ulijua kilipo. Kilichotoka mwilini mwa mtu, ulisema, hakitupwi wala hakipewi wageni, kinarudi kwenye udongo wa kwao. Tulikuzoea. Hakuna aliyewaza kwamba jambo hilo lingetufuata hadi hospitali.

Ulipokatwa kile kinyama cha kwenye titi, hospitali walikihifadhi ndani ya nta, kikawa kidogo kama sabuni iliyokaribia kuisha. Wakakukabidhi ndani ya bahasha, umpe Lameck akisafirishe Dar es Salaam kikapimwe. Jenifa, kwa kuwa kazi yake ni ya maabara, alikueleza mwenyewe pale sebuleni Ipagala, wewe ukibangua karanga zako.

"Mama, seli ina vipokezi juu yake. Homoni ikifika ikagusa kipokezi, habari inaingia ndani, na seli inafanya ilichoambiwa. Hii ya saratani ikiambiwa, inazaana. Tena inatema vitu vinavyolegeza nyama za jirani, wenzake wapate upenyo wa kuingia kwenye damu, waende mpaka mifupani."

"Inatema mate njiani ili ipite?" ukauliza. "Haina adabu."

Jenifa akacheka. "Haina, mama. Ndiyo maana tunataka kujua kama yako ina vipokezi hivyo. Ikiwa navyo, kuna vidonge vya kila siku vya kuizuia isisikie."

"Sawa," ukasema, ukaendelea kubangua.

Naye akaridhika. Hapo ndipo anapojilaumu mpaka leo. Alikueleza yote ya seli, lakini hakukuuliza kile kipande utakifanya nini.

Wiki saba zikapita. Jenifa alidhani Lameck amekituma, Lameck alidhani kiko kwa Jenifa. Siku Lameck alipokuuliza ulimjibu bila wasiwasi kwamba ulipanda gari ukaenda nacho Mlali, ukakizika pamoja na vile vitovu. "Nyama yangu ikazurure Dar es Salaam kwa watu nisiowajua?" Yesu wangu! Mjomba Bartolomayo alichimba siku hiyohiyo. Mchwa walikuwa wamemaliza bahasha na kitambaa ulichokifungia, nta imepasuka, na kilichobaki hakikupimika. Ukakatwa upya, ukangoja upya. Majibu yaliporudi, vipokezi vilikuwepo, vingi tu, ila ugonjwa ulikuwa umeshaingia mifupani. Vidonge ulivimeza bila kuruka hata siku moja. Tulikaa na wewe miezi tisa mingine, na hatukulaumu, mama. Ulidhani unakitunza.

Sasa Jenifa. Mwezi wa tano alikuwa anaoga, akashika kitu kigumu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Akanyamaza wiki tatu nzima! Yeye huyohuyo anayewasumbua akina mama wa kanisani Nkuhungu kila Jumapili wajipapase, wasichelewe. Restuta ndiye aliyemkamata. Alimkuta jikoni amesimama mbele ya friji iliyo wazi, mkono uko kifuani, hata alichokuwa anakitafuta hakijui.

"Dada, una nini?"

"Sina kitu."

"Dada."

"Kama cha mama," Jenifa akasema, akafunga friji taratibu.

Daktari alimkata kinyama, Munira mwenzake wa maabara akakiandaa kwenye nta kwa mikono yake mwenyewe, huku akifuta machozi kwa bega. Safari hii Jenifa hakutaka kumwachia mtu. Alipanda treni na mumewe Henry, bahasha ameipakata toka Dodoma mpaka Dar es Salaam. Mhudumu alimwomba aiweke juu na mizigo mingine. "Hii haikai juu, kaka," akamjibu, na kwa jinsi alivyomwangalia, yule kaka hakurudia.

Kisha ikaja kazi ya kungoja, na mama, hatujawahi kuona mtu anayengoja vibaya kama yeye. Sisi wengine tunaogopa jina la ugonjwa tu. Yeye anaujua unavyofanya kazi. Akinyanyua kijiko anauona, akimsuka binti yake Violeth nywele anauona, anaacha mstari katikati na mtoto anabaki kuuliza kuna nini. Alimwambia Restuta kwamba linalomtesa ni kuwa mwili wake mwenyewe ndio unaoupelekea ugonjwa habari. "Kila siku ninayongoja," alisema, "zile seli zinaambiwa zitoke. Na sijui kama zimeshatoka." Simu ikilia anaiangalia tu mpaka Henry aichukue. Amekonda. Baba amekuwa akimmenyea mayai ya kuchemsha kila asubuhi, yule baba yetu ambaye hata chai hajawahi kujimiminia, na Jenifa anayala ili asimvunje moyo.

Majibu yalikuja juzi Alhamisi, tukiwa tunachambua mchele wa leo. Vipokezi vipo. Ni aina yako ileile. Restuta alipiga vigelegele, akidhani ni habari njema, na kwa kiasi ni habari njema, kwa sababu vidonge vipo na safari hii hakuna kilichochelewa kwa mikono yetu. Lakini Jenifa aliendelea kuchambua mchele. Operesheni ni Jumatatu. Watampima na matezi ya kwapani, ndipo ijulikane kama saratani imebaki pale ilipo au imeshaondoka. Mpaka hapo hakuna anayejua, hata daktari.

Leo atasimama nasi kaburini kwako. Jana tulikuwa tunapanga nani ataomba na nani atasoma, akatuambia polepole, "Nikimkuta mama, nitamwomba msamaha. Sikumuuliza." Baba akainuka akatoka nje, na Lameck akamfuata.

Basi, mama, hili ndilo tunalokuomba, na Mungu tunamwomba hilohilo. Huo msamaha mpe kutoka hukohuko uliko, asije akaufuata mwenyewe. Tunajua ulivyompenda, na tunajua alivyokuzoea. Lakini Violeth ana miaka sita, nywele zake hakuna mwingine anayeziweza. Usimngoje, mama.

Unakumbukwa na mumeo Daudi, wanao Lameck, Jenifa na Restuta, mkweo Henry, kaka yako Bartolomayo, wajukuu zako wote, na majirani wa Mlali na Ipagala. Tutakukumbuka maisha yetu yote. Tuachie Jenifa, tukukumbuke naye.