Shingo ya Baba Rehema

Mengo, Kampala

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuachia upande ngazi za madrasa bila kusaidiwa. Rehema ameota meno mawili, anauma kila kitu. Huku kwetu sote wazima, ila shingo moja tu, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Uliniuliza kwenye simu mkweo Okot anacheza mpira gani. Ni raga, Mama. Mpira wenyewe umechongoka kama papai. Wanaukumbatia na kukimbia nao, lakini ole wake amrushiaye mwenzake mbele! Pasi ya mkono ni ya pembeni au ya nyuma. Mbele unaupeleka kwa teke. Okot anasema ulianzia Uingereza, shule ya wavulana katika mji uitwao Rugby. Walikuwa wakicheza mpira, kijana mmoja akaudaka akatimua nao mbio, kinyume cha sheria. Wengine wanasema hiyo ni ngano tu. Mimi nasema angekuwa Tanga angekula bakora, mchezo ukaishia hapo hapo, nami leo ningelala.

Balaa ni skramu. Mtu akikosea kidogo, kama kuangusha mpira mbele, wanane wa huku na wanane wa kule wanainama, wanafungana mabega, mpira unaingizwa katikati, wanasukumana. Watatu wa mbele ndio wanaopokea uzito wote shingoni. Mkweo ni mmoja wao.

Majuzi mazoezini skramu ilimporomokea. Tangu siku hiyo vidole vya mkono wa kulia vina ganzi. Kikombe kinamponyoka, anacheka, anasema ni sabuni. Sabuni gani kwenye chai? Nikamwambia amweleze kocha. Akang'aka: "Wewe mama Rehema, wacha! Unataka tupoteze fainali?"

Maana sheria iko hivi: wale watatu wa mbele lazima wawe wamefunzwa kazi hiyo. Wakikosekana, refa anaamuru skramu ya kuinama tu, bila kusukumana. Na timu yao, Mama, mbio hawana. Wanachojua ni kusukuma. Wa akiba mmoja kavunjika mkono, mwingine kaenda Gulu kuzika. Basi ushindi wa watu wote wale wakauweka juu ya shingo ya mume wangu, naye akakubali!

Jumamosi ya fainali nikaenda uwanjani. Kabla ya mechi refa huwaita wale wa mbele awape maelekezo. Nilipoona amemfikia Okot, miguu ikanipeleka yenyewe, mtoto mgongoni. Refa akasema, "Nyabo, tafadhali, toka nje." Ndivyo wanavyomwita mwanamke huku kwa heshima.

Nikasema, "Nitatoka. Lakini huyu vidole vyake havisikii kitu. Mjaribu."

Okot akaapa kuwa yeye mzima. Refa akamnyooshea mkono: "Kamata. Kaza."

Akakaza mpaka jasho likamtoka. Refa akauchomoa mkono wake bila taabu yoyote, akamwonyesha benchi.

Walicheza bila yeye na bila kusukumana, wakashindwa. Nahodha alinipita kana kwamba hanioni. Wanawake tunaopika pamoja kila mechi walibeba masufuria yao wasiniage. Na Okot hajanisemesha tangu hapo. Anaongea na Rehema tu: "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mtoto mwenyewe hata kusema hajaanza!

Leo wamempiga picha ya shingo hospitalini. Majibu ni kesho. Moyo wangu, Mama, hauko mahali pake. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nisalimie Baba, shangazi Zaina wa vitumbua, na kaka Hamisi hapo gereji kwake. Usiwaambie kitu kwanza.

Kila mtu hapa anangoja daktari aseme shingo ni nzima, wapate kunisimanga kwamba nimewanyima kombe kwa uoga wa mwanamke. Na wanisimange. Mama, ukisujudu, niombee niaibike.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi