Rekodi Moja Niliyoiwahi

Homa Bay,
Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku ziwani. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na mahindi ya shamba la chini, tumbili wamewaachia chochote? Mimi mwili ni mzima na ninakula. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitalia, nawe ukisikia nalia utafunga safari uje, na goti hilo. Kwa hiyo naandika, na barua nitampa jirani yangu anayekuja Ntimaru usiku huu kununua maharagwe.

Mama, naogopa.

Unaijua kazi yangu hapa studio: napokea wateja na kutunza rekodi za harusi na mazishi anazopiga mwajiri wangu, Bwana Ouma. Rekodi zote hukaa ndani ya mashine moja ndogo yenye diski nne, iliyounganishwa na kompyuta zetu kwa waya. Imetengenezwa ivumilie kifo cha diski moja. Tatu zinazobaki hubeba kazi ya nne. Zikifa mbili, kila kitu kimekwenda.

Jumatatu asubuhi taa ya diski ya tatu ikawa nyekundu na mashine ikaanza kulia. Bwana Ouma alikuwa Migori kwenye harusi. Nikampigia.

"Diski mpya iko kwenye droo," akasema. "Chomoa iliyokufa, ingiza mpya, itajijaza yenyewe. Hiyo si kazi ya kutetemeka, nyar Kuria." Ndivyo wanavyoniita hapa, binti wa Wakuria.

"Rekodi tumezinakili mahali pengine?"

Akacheka. "Hiyo mashine ndiyo mahali pengine."

Kabla sijachomoa chochote nilifungua ripoti ya hali ya diski, kama tulivyofundishwa chuoni. Diski ya kwanza nayo ilikuwa imejaa makosa. Mwalimu wetu alituonya kwamba diski mpya inapojazwa, zile za zamani husomwa zote tangu mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na iliyochoka inaweza kufia hapo hapo. Nikaamua kunakili kwanza. Lakini nilikuwa na diski moja tu ya nje, ile ndogo mliyoninunulia nikienda chuo, na mashine ilikuwa inasoma polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Ilibidi nichague.

Nilimchagua Min Ochieng', yaani mama yake Ochieng', wa Ndhiwa. Mwanawe Ochieng' alizungumza kwenye harusi ya dada yake, na miezi michache baadaye akafa kwa ajali ya pikipiki. Nakala ya familia ilikuwa kwenye simu ya marehemu, nayo haikuonekana tena. Yule mama alipojua kwamba sisi tunayo nyingine, hakuichukua. Wengi hapa hufanya hivyo na rekodi za watu wao. Aliniambia, "Ikae kwenu mpaka nipate moyo." Juma lililopita alituma ujumbe kwamba moyo ameupata. Binti yake amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la mjomba wake, na yeye anakuja na mtoto huyo asikie sauti.

Nikaanza kunakili. Saa nane mchana mawingu yakasimama juu ya ziwa na radi ikapiga upande wa Ndhiwa. Jengo zima likaanza kuchomoa vitu ukutani, kama ulivyotulea sisi, hata redio. Mama Zuhura, mwenye duka la vitambaa chini yetu, ndiye hushusha swichi kubwa ya jengo. Akapaza sauti kwenye ngazi.

"Boke! Zima vitu vyako, nashusha!"

"Mama Zuhura, nakuomba, kidogo tu! Nina kitu hakitakiwi kukatika!"

"Radi utaiomba pia? Mwaka jana ilinichomea friji na TV, hata pole haikusema!"

Mama, nilisimama katikati ya chumba na mikono kichwani. Umeme ukikatwa ghafla, diski ile iliyochoka ingeweza kufa. Mashine ikibaki ukutani, radi ingeweza kuziua zote zilizobaki. Tuna betri ya akiba ambayo mashine hupitia, lakini ni kuukuu. Nikachomoa betri ukutani, nikachomoa na waya wa kompyuta, mashine ikabaki peke yake na diski yangu ndogo, haijaguswa na waya wowote wa nje. Nikamwambia Mama Zuhura ashushe. Nikapiga magoti pale sakafuni. Kila radi ilipopiga nilifumba macho kwa kuogopa kuona taa zimezimika. Betri ikaanza kupiga kelele za kuisha. Rekodi ikamaliza kunakiliwa kelele zikiwa zimeshakuwa moja ndefu, nami nikaizima mashine kwa utaratibu wake.

Mvua ilipopita niliiwasha. Diski ya kwanza haikuamka. Nimejaribu mpaka leo. Kila kitu kimekwenda, isipokuwa mafundi wa Nairobi wakiweza kitu, na hawaahidi. Sijui kama diski ingekufa hata hivyo au ni kuzima kwangu kulikoiua. Bwana Ouma aliniuliza kwenye simu, "Nani alikutuma uzime?" Nikamwambia yeye mwenyewe ndiye husema tuzime mvua ikija. Akakata simu. Kesho anarudi.

Na rekodi niliyoiokoa, niliifungua ile Jumatatu: Ochieng' anaposhika maikrofoni, uso wake unavunjika vipande vipande na haurudi.

Min Ochieng' amekuja leo, mjukuu yuko mgongoni. Nilimwambia akiwa bado mlangoni.

"Mama, picha imeharibika. Uso wake hauonekani."

"Na sauti?"

"Sauti ipo."

"Basi weka sauti. Uso nimekuja nao," akasema, akamfunua mtoto.

Nikaweka. Ochieng' alikuwa akimtania shemeji yake: "Hawa ng'ombe uliotuletea umewakodi? Mmoja ameshashika njia ya kwenu!" Watu wakaangua kicheko mle ndani ya rekodi, na Min Ochieng' akacheka nao, kisha akaziba mdomo kwa leso. Akaniomba nirudie. Nilirudia mpaka mtoto akalala.

Alipokuwa akimfunga mtoto mgongoni aliniuliza, "Na za wenzangu?"

"Zimekwenda, Mama."

"Wanajua?"

"Bado. Naogopa."

"Hata mimi ningekupigia kelele," akasema. "Lakini usiwaache wakae kwanza."

Kesho wanakuja watu wa Uriri kuchukua mazishi ya baba yao. Nitawasubiri kwenye ngazi, Bwana Ouma awepo asiwepo.

Nisalimie Baba, na kaka Marwa huko dukani kwake Isebania, na Nyanya, mwambie blanketi lake nimelinunua. Nisalimie na shangazi anayekusaidia kuteka maji. Usiwaambie haya yote. Waambie Boke ana kazi nyingi.

Nawe Mama, kesho asubuhi ukiamka, kabla hujaenda shambani, niombee. Sauti yangu inatetemeka hata ninapofanya mazoezi ya kuwaambia, peke yangu.

Ni mimi binti yako,
Boke