Mama Amejua Kuhusu Mvinyo

Jumatano jioni

Mama amejua. Mwezi mzima nimemdanganya kwamba nimepata kazi Keroka kwenye kiwanda cha juisi ya ndizi, na leo koti langu la kazi limeniumbua. Alikuwa analiloweka, akalinusa, akaniita uani.

"Kemunto, juisi gani hii inanuka pombe?"

Nikamwambia ukweli. Tunatengeneza mvinyo wa ndizi, nami najifunza kazi chini ya mtengenezaji mkuu. Mama ni shemasi katika kanisa letu la Wasabato. Tangu tumzike Baba, ambaye pombe ilimmaliza, hakuna chupa ya pombe iliyoingia kwetu.

"Na wewe unakunywa?"

"Naonja, Mama, halafu natema. Lazima nijue kama umeiva au umeharibika."

"Baba yako pia alianza kwa kuonja."

Nilitaka kumweleza kwamba jana nilikabidhiwa pipa langu la kwanza, na kwamba sijawahi kuipenda kazi hivi, lakini nikaishia kulitazama koti ndani ya maji. Nilingoja aniambie niache.

Akakamua lile koti, akalianika mbele ya nyumba, pale majirani wote wanapopita.

"Siku utakayomeza, niambie wewe mwenyewe, nisisikie kwa watu," akasema. "Na Jumamosi wakikuuliza kanisani unafanya kazi gani, usiwadanganye. Nitakuwa nimekaa kando yako."

Nimelia kidogo jikoni. Naiogopa hiyo Jumamosi, lakini angalau sitakuwa peke yangu.