Albamu ya Neema

Jumamosi usiku

Bado nacheka peke yangu, na kesho nina zamu ya asubuhi hospitalini.

Wiki nzima binti yangu Neema, ambaye huku ughaibuni hunijibu kwa Kiingereza tu, alikuwa hanisemeshi, tangu nimkataze kwenda kwenye shoo ya bendi moja ya roki anayoipenda. Leo nilipomchukua kazini kwake Lakeville niliogopa kile kimya chake, nikamwambia, "Haya, weka hiyo albamu yao nisikie."

Nilitarajia kelele tupu. Kumbe! Magitaa mawili yanafukuzana kama ya benga, ngoma zinasikika kana kwamba zimerekodiwa gereji, na dada mwimbaji wao anaimba polepole, sauti inakwaruza kidogo wala hajisumbui kuisafisha. Kufika wimbo wa tatu nilikuwa napiga usukani.

"Mom, you like it?"

"Nyamaza, gitaa linaongea!"

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaipita exit ya Woodbury, njia yetu ya kutokea kwenda nyumbani, hakuna aliyejali. Niliendelea ku-drive hadi albamu ikaisha.

Hizo shoo bado zinanitia wasiwasi, ule umati, lile giza... Lakini nimemwambia sawa, ila tiketi ziwe mbili.

"Mama, usivae sare yako ya kwaya ya kanisani," akasema.

Kwa Kiswahili!