Mkono wa Mwanatatu

Shika Adabu, Likoni
10 Juni 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na goti la Mama limepoa. Wewe je, huko Maskati na joto lake?

Nina jambo sijapata kumwambia mtu: kwa miezi miwili nimekuwa nikimchunguza Dada Mwanatatu kama somo la biolojia. Kila akicheza voliboli, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, vidole vikawa vyeupe na baridi. Kocha Tsuma alimwambia mbele ya wenzake kuwa huo ni mkono wa bibi harusi, unangoja hina. Jirani yetu Bi Mwanarehema aliukanda kwa mafuta ya nazi, akasema ni baridi imeingia kiganjani.

Mimi niliona kuwa hata akianika nguo vidole hubadilika rangi. Nikamwomba ainue mkono, nikashika mshipa wa kifundo cha mkono kama tulivyofundishwa shuleni katika huduma ya kwanza. Pigo likapotea, Baba. Akaushusha, likarudi. Nikajijaribu mwenyewe, langu halikupotea.

Niliona haya kumweleza daktari, basi nikaandika karatasi nikaichomeka ndani ya kadi ya Dada ya hospitali. Daktari aliisoma akatabasamu, kisha naye akauinua mkono ule, akatuagiza tukapige picha ya eksirei. Picha ilionyesha ubavu mdogo wa ziada shingoni, juu ya mtulinga, unaobana mshipa wa damu. Akaagiza mazoezi ya mabega wiki sita, bila mpira kabisa. Asipopata nafuu, atapasuliwa ubavu utolewe. Akicheza, damu yaweza kuganda na mkono ukapotea.

Nje ya hospitali Dada alinisihi nisimwambie Kocha. Jumamosi ilikuwa fainali, na kampuni moja ingekuja kuchagua wachezaji wa kuajiri. Nilimwapia kuwa nitanyamaza.

Alhamisi nilikwenda kwa Kocha. Sikuwahi kusema naye. Hata kumwamkia nilisahau. Nilimweleza yote, akafuta jina la Dada. Dada alidhani daktari ndiye aliyepeleka habari, na kwa siku tatu hakuacha kumlaumu.

Mama anakusalimu sana. Haya ya Kocha hayajui bado.

Jana nilimwambia Dada kuwa ni mimi. Akageukia ukutani. Nikatandika mkeka, nikaketi kando nikamngoja, maana saa ya mazoezi yake ya mabega ilikuwa imefika.

Mwanao,
Rama