Tone kwenye Khanga ya Bi Kidawa

Kibaha, 11 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, mafunzo ya zimamoto yanaendelea. Nyumbani hamjambo? Mguu wa mama unaendeleaje?

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ningekosa maneno. Leo mkufunzi wetu, Afande Saburi, ametuonyesha karatasi ya kutambua sumu za vitani, zile za majimaji. Ni kikaratasi cha rangi ya maziwa, kama tiketi ya basi. Akakidondoshea tone la mazoezi, si sumu yenyewe, lisilo na rangi wala harufu. Karatasi ikawa nyekundu! Tone jingine, njano. Nyekundu ni sumu inayobabua ngozi. Njano ni ile inayoshika mishipa ya fahamu. Baba, darasa zima tuliinuka kuitazama. Vinyweleo vilinisimama.

Mwanao,
Vailet

Maneromango, Kisarawe, 24 Machi 2024

Mwanangu Vailet,

Marahaba. Sisi wazima, mama yako sasa anatembea mwenyewe hadi kanisani.

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama asikie. Hakupenda. Mwanangu, vita iko wapi hapo Kibaha? Na hiyo karatasi ikikosea je? Rudi nyumbani. Shemeji yako Adrian ana kazi ya dukani, anakungoja.

Baba yako

Maneromango, 2 Mei 2024

Vailet mwanangu,

U mzima? Tumesikia lori limepinduka hapo Kibaha, Kwa Mathias, na watu wamelazwa. Simu yako haipatikani. Mama yako hali chakula. Andika hata mstari mmoja.

Baba yako

Kibaha, 6 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Nisameheni, mimi ni mzima. Niliwekwa hospitali kuangaliwa tu, na simu yangu ilichukuliwa pamoja na nguo.

Lori lile lilibeba mapipa yasiyo na maandishi. Yalipopasuka, watu wakaja na ndoo wakidhani ni mafuta ya taa. Bi Kidawa, muuza vitumbua, alirukiwa na majimaji hayo kwenye khanga. Afande Saburi alipotufikisha pale, nilimkuta ameketi chini, mate yanamtoka, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. "Kizunguzungu tu, mwanangu," akaniambia.

Nilikuwa nimevaa vazi la kinga. Nikagusisha karatasi kwenye khanga. Njano, baba! Ilichanua mbele ya macho yangu kama kitu chenye uhai. Nikaiinua juu, nikapiga kelele: "Sumu! Rudini nyuma!" Watu waliokuwa wakigombania mafuta wakarudi, ndoo zikabaki zimelala barabarani. Tukaikata khanga, tukammwagia maji mengi, daktari akamchoma sindano.

Uliniuliza, ikikosea je? Ilikosea, baba. Maabara wamesema haikuwa sumu ya vita, ilikuwa dawa ya wadudu wa mashambani, kali, haijachanganywa na maji. Lakini inaua kwa njia ileile. Ingemuua Bi Kidawa, na wote wale.

Jana aliketi kitandani akaomba chai. Nilitoka nje nikalia.

Mwanao,
Vailet

Maneromango, 12 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba sana. Tulianza kukusoma tumekaa. Ulipofika kwenye khanga tukajikuta tumesimama, mama yako kanishika mkono.

Nimemwambia Adrian atafute mtu mwingine. Wewe njoo tu siku moja, tukutazame.

Baba yako,
Sixtus